LUKU Inayokwisha Haraka na Deni Lisiloeleweka: Mwongozo Kamili kwa Kaya ya Dar es Salaam

Kila mwezi watu hufika katika ofisi za TANESCO, shirika la umeme, na lalamiko lile lile, kwamba LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inakimbia, na wengi wao hurudi nyumbani na jibu lile lile, kwamba mita ni nzima na matumizi ndiyo yaliyoongezeka. Mara nyingi si kwamba mlalamikaji ni mwongo, wala si kwamba mhudumu ni mvivu. Mlalamikaji amefika dirishani bila risiti, bila usomaji wa mita, na bila kujua kama anacholalamikia ni bei, makato, matumizi au hitilafu, ilhali mambo hayo manne hayamalizwi mahali pamoja. Tarifu, yaani daraja la bei ya umeme, na ubovu wa mita ni shughuli ya TANESCO, kodi ya jengo ni ya TRA (mamlaka ya mapato) au halmashauri, nyaya za ndani ni za fundi, na mpangaji mwenzako anayegandisha barafu za kuuza ni wa kikao cha nyumba.

Mwongozo huu unaondoa sababu moja baada ya nyingine, kuanzia ile inayogundulika kwa kalamu na karatasi hadi ile inayohitaji barua. Usiruke hatua. Anayeanza na barua kabla ya hesabu hujibiwa kwa hesabu ambayo yeye mwenyewe hakuifanya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Andaa risiti au ujumbe wa simu wa manunuzi yote ya umeme ya miezi sita iliyopita, au angalau mitatu. Ikiwa umefuta ujumbe, historia ya miamala ya mtandao wako wa simu itakuonyesha tarehe na kiasi, na ofisi ya TANESCO inaweza kukutolea historia ya manunuzi kwa namba ya mita.

Andaa pia namba ya mita yenyewe, ambayo kwa LUKU ina tarakimu 11. Daftari na kalamu. Simu yenye kikokotoo na saa ya kuhesabu dakika. Na hita ya kuchovya ya kuchemshia maji pamoja na ndoo ya plastiki ya lita 20. Kama wewe ni mpangaji, weka karibu mkataba wa pango na tarehe uliyohamia, kwa sababu tarehe hiyo inaweza kukuokolea fedha nyingi katika Hatua ya 7.

Kitu kimoja usikiandae: fedha taslimu za kumpa mtu anayedai kwamba anajuana na watu wa ndani na anaweza kukufutia deni. Huyo ni kishoka, na deni lako litabaki palepale baada ya yeye kuondoka.

## Hatua ya 1: Soma risiti mstari kwa mstari

Watu wengi husoma tarakimu 20 za tokeni na idadi ya uniti, kisha hufuta ujumbe. Jibu la nusu ya malalamiko limo katika mistari wanayoifuta.

Chukua manunuzi ya shilingi 10,000 kwa mteja wa tarifu ya kawaida, T1, ambayo bei yake ya msingi iliyoanza kutumika Aprili 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Juu ya bei hiyo huongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) ya asilimia 3 na tozo ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1. Risiti safi, isiyo na makato mengine, inapaswa kusomeka hivi:

Gharama ya umeme: 8,196.72
VAT: 1,475.41
REA: 245.90
EWURA: 81.97
Uniti: 28.1

Gawanya 8,196.72 kwa 292 na utapata hizo uniti 28.1. Ukijumlisha tozo zote, uniti moja inakugharimu takribani shilingi 356.

Sasa tazama risiti ya mtu huyo huyo iliyokatwa shilingi 1,500. Makato hutoka kwanza, kwa hiyo fedha inayobaki kununulia umeme ni 8,500, na uniti anazopata ni 23.9. Hakuna mita iliyokimbia hapo. Uniti nne na ushee hazikuingia kabisa.

Fanya hesabu hii kwa kila risiti uliyonayo: toa makato yote katika jumla uliyolipa, gawa kinachobaki kwa idadi ya uniti ulizopata, kisha andika matokeo katika daftari. Ikiwa tozo zilizoandikwa katika risiti yako zinatofautiana na hizi, tumia za risiti yako.

Utajua umefaulu pale kila risiti itakapokuwa na namba mbili pembeni yake: bei halisi ya uniti moja, na jumla ya makato yasiyo ya umeme. Kama bei ya uniti imebadilika kutoka mwezi mmoja hadi mwingine, nenda Hatua ya 2. Kama bei haikubadilika bali makato yameongezeka, nenda Hatua ya 3 au ya 7. Kama vyote viko vile vile na bado umeme unaisha upesi, kazi yako iko katika Hatua ya 4 na ya 5.

Kwa wachache ambao bado wanaletewa ankara, hatua hii ni fupi zaidi: linganisha usomaji wa mita ulioandikwa katika ankara na tarakimu zilizo kwenye mita yako leo. Ikiwa ankara inaonyesha usomaji mkubwa kuliko mita yenyewe, mita haikusomwa bali ilikadiriwa. Piga picha inayoonyesha namba ya mita na tarakimu hizo kwa pamoja, kisha nenda moja kwa moja Hatua ya 7.

## Hatua ya 2: Jua tarifu yako, na ujue kama umehamishwa

Kuna tarifu mbili zinazohusu nyumba za kawaida. D1 ni ya watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza katika mwezi huuzwa kwa shilingi 100 kabla ya tozo, yaani 122 pamoja na tozo, na kila uniti inayozidi 75 huuzwa kwa shilingi 350, yaani 427 ukijumlisha tozo. T1 ni ile ya shilingi 292 iliyoelezwa hapo juu, tangu uniti ya kwanza.

Tofauti yake si ndogo. Kaya inayotumia uniti 70 kwa mwezi hulipa shilingi 8,540 ikiwa D1, na karibu shilingi 24,940 ikiwa T1. Kaya iliyohamishwa bila kujua huona gharama yake ikikaribia mara tatu ingawa balbu na friji ni zile zile, na ni rahisi kuapa kwamba mita imeharibika.

Sababu ya kuhamishwa ni kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Hapa ndipo wengi hujiponza kwa nia njema: mtu anapata mshahara, ananunua umeme wa shilingi 20,000 ili asisumbuke. Akiwa D1, uniti zake 75 za kwanza zinamgharimu 9,150, na shilingi 10,850 zinazobaki zinampa uniti 25 tu kwa bei ya juu. Mfumo hesabu yake ni ya manunuzi ya mwezi, haujui kwamba alikusudia kuweka akiba. Mteja wa D1 anunue kwa kiasi cha matumizi ya mwezi husika, na akibakiza uniti aziache zivuke, asiongeze nyingine juu yake mwishoni mwa mwezi.

Kama risiti zako zinaonyesha kwamba ulikuwa ukilipa 122 na sasa unalipa 356, na matumizi yako ya kweli yako chini ya 75, andika maombi ya kurejeshwa D1 katika ofisi ya TANESCO ya eneo lako, ukiambatanisha historia ya manunuzi ya miezi kadhaa. Historia ndiyo itakayoamua, kwa hiyo usiombe mwezi ambao umetoka kununua uniti 110 kwa sababu ya msiba au harusi. Subiri historia yako itulie.

Onyo: kaya yenye umeme wa fezi tatu isipoteze nauli kuomba D1, kwa maana tarifu hiyo ni ya njia moja, yaani fezi moja.

## Hatua ya 3: Tenganisha kodi ya jengo na deni la umeme

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango chake ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kwa mwezi, na shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu ya ghorofa, yaani 7,500 kwa mwezi. Katika ujumbe wa simu kodi hii inaweza kuonekana katika mstari wa deni, na ndiyo maana watu hukimbilia TANESCO kudai maelezo ya deni ambalo TANESCO hailimiliki.

Kuitambua ni rahisi. Hukatwa katika manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kiasi chake ni 1,500 au kigawe chake. Ukihamia nyumba iliyokaa miezi minane bila mtu kununua umeme, utakuta shilingi 12,000 zinakusubiri, na umeme wa 15,000 utakupa uniti nane na nusu hivi. Ni kodi iliyolimbikizwa, na haihusiani na waya wala mita.

Kinachostahili kupiganiwa ni mambo matatu. La kwanza ni nyumba moja yenye mita kadhaa. Kodi ni ya jengo, si ya mita. Nyumba ya chini yenye mita tano, kila moja ikikatwa 1,500, inalipa 7,500 kwa mwezi mahali pa 1,500. Mwenye nyumba aende ofisi inayokusanya kodi hiyo, ya TRA au ya halmashauri, akiwa na namba zote za mita na uthibitisho wa umiliki, aombe ibaki mita moja. La pili ni nyumba ya chini iliyoorodheshwa kama ghorofa, ambayo husahihishwa katika ofisi hiyo hiyo. La tatu ni msamaha: mmiliki mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, au mwenye ulemavu asiye na kipato, anaweza kusamehewa kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe.

Mpangaji naye asikae kimya. Kodi hii ni ya mwenye jengo, na anayeilipa kupitia tokeni anamlipia mwingine. Njia inayofanya kazi ni kuhifadhi risiti na kuomba kiasi hicho kipunguzwe katika pango, kwa lugha ya heshima na yenye hesabu. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo mama. Mimi ni mpangaji wako wa vyumba vya mbele. Tangu Januari hadi Juni LUKU imekata kodi ya jengo shilingi 1,500 kila mwezi, jumla 9,000. Picha za risiti nimezituma hapa. Naomba, ukiridhia, nitoe kiasi hicho katika kodi ya miezi inayokuja. Ahsante mama."

Nimeona madai ya shilingi 9,000 yakikataliwa kwa sababu tu yaliletwa kwa sauti ya juu uani, mbele ya wapangaji wengine.

Utajua umefaulu pale unapoweza kusema kwa uhakika: kati ya makato yangu yote, hizi ni kodi, na hizi zilizobaki ndizo deni linalohusu umeme.

## Hatua ya 4: Pima mita na nyaya

Hatua hii inafanywa na mtu mzima, mchana, mikono ikiwa mikavu. Hufungui kitu chochote. Unazima, unawasha na unatazama.

Kwanza, zima meni swichi. Hapo hakuna kifaa chochote ndani ya nyumba kinachopata umeme. Nenda kwenye mita, tafuta taa ndogo nyekundu inayomweka, uitazame kwa dakika tano. Isipomweka, sehemu kati ya mita na meni swichi ni salama. Ikiendelea kumweka, kuna umeme unaotoka baada ya mita na kabla ya swichi yako: waya uliochubuka, au waya wa jirani. Katika nyumba ambazo mita iko juu ya nguzo na ndani mna rimoti tu, yaani kifaa cha kuingizia tokeni, fuata kwa macho kebo kutoka nguzoni hadi ukutani kwako uone kama kuna mahali imeungwa. Usiiguse. Piga picha na upige simu namba 180 ya huduma kwa wateja ya TANESCO.

Pili, washa meni swichi lakini chomoa kila kitu na uzime taa zote, pamoja na friji, chaja na pampu. Taa ya mita ikimweka sasa, umeme unavujia ndani ya nyumba. Zima breka moja moja katika boksi hadi taa itulie. Breka iliyoituliza ndiyo yenye njia mbovu, na hapo unaita fundi. Chagua fundi mwenye leseni ya EWURA na uombe kuiona. Umeme unaovuja kwenye ukuta wenye unyevu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Msasani Bonde la Mpunga na Jangwani baada ya mvua, huua watu kabla ya kumaliza uniti, kwa hiyo breka hiyo ibaki imezimwa hadi atakapokuja.

Tatu, ipime mita kwa mzigo unaoujua. Pasi haifai, kwa sababu hujizima na kujiwasha yenyewe, na birika la umeme hukatika maji yanapochemka. Hita ya kuchovya inafaa kwa kuwa huvuta bila kupumzika. Jaza ndoo maji, zamisha hita hadi alama yake, hakikisha hakuna kitu kingine kinachotumia umeme, andika uniti zilizobaki, kisha washa kwa saa moja kamili. Hita ya wati 1,000 inapaswa kula uniti moja. Zima, chomoa, ndipo usome mita tena.

Onyo: asiingize mtu mkono kwenye maji hayo kabla plagi haijachomolewa ukutani, na watoto wawe mbali. Hili si la kusema kwa mazoea. Watu hufa kwa ndoo hizi.

Matokeo yakiwa kati ya 0.9 na 1.1, mita yako ni nzima na unapaswa kukubali hivyo hata kama moyo hautaki. Tofauti ndogo si ushahidi, kwa kuwa nguvu ya umeme mtaani hupanda na kushuka, na hita za bei rahisi za Kariakoo haziandikwi wati zao kwa uaminifu. Ikisoma 1.4 au zaidi, rudia kwa hita nyingine siku nyingine. Ikirudia vile vile, andika tarehe, saa na usomaji wote, kwa sababu sasa una jambo la kupeleka dirishani.

Jambo moja lisichanganywe na haya: mita inayokataa tokeni kabisa. Mita ambazo hazikuingiziwa tokeni za maboresho kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 hazipokei tokeni mpya, na tiba yake ni kupata tokeni hizo za maboresho TANESCO, si kulipa deni.

## Hatua ya 5: Hesabu kinachokula umeme

Kanuni ni moja: wati zilizoandikwa kwenye kifaa, mara saa kinazofanya kazi kwa siku, gawa kwa 1,000, unapata uniti za siku. Zidisha kwa 30 upate za mwezi.

Shawa ya umeme ya wati 4,500 kwa watu wanne, kila mmoja dakika kumi, ni uniti 3 kwa siku na 90 kwa mwezi: zaidi ya shilingi 32,000 kwa T1, na peke yake inatosha kukutoa D1. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinachofanya kazi usiku kucha kitakula kama uniti 6, yaani 180 kwa mwezi na takribani shilingi 64,000. Friji la wati 120 linalopumzika nusu ya muda hula uniti 43 kwa mwezi. Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni uniti 18. Taa sita za LED hata hazistahili ugomvi, ingawa ndizo watoto hugombezwa kwa ajili yake.

Katika mji huu kuna walaji wawili wasiotajwa katika malalamiko. Mmoja ni pampu ya kisima. Boya la tanki likiharibika, au bomba likivuja, pampu ya nguvu farasi moja hufanya kazi usiku mzima na kumaliza uniti sita kabla ya alfajiri, na hakuna anayeisikia kwa sababu iko nyuma ya nyumba. Mwingine ni friji lenye mpira wa mlango uliochoka. Bana karatasi kwa mlango wake. Ikivutika bila kushikwa, hewa ya joto inaingia, na kuanzia Desemba hadi Machi friji hilo halipumziki.

Utajua umefaulu pale jumla ya hesabu yako inapokaribia uniti ulizonunua. Ikiwa umehesabu 120 na unanunua 130, hakuna siri. Ukihesabu 60 na kununua 130, rudi Hatua ya 4, au kama nyumba ni ya wapangaji wengi, endelea mbele.

## Hatua ya 6: Nyumba ya wapangaji wengi na LUKU moja

Hapa ndipo penye uhasama, hasa Tandika, Manzese, Buguruni na Mbagala, ambako vyumba sita hununua umeme wa mita moja kwa kuchangishana. Kila chumba kinatoa 5,000, na aliye na taa moja na redio analipa sawa na mwenye friji la kuuza barafu na juisi.

Kabla ya kugombana, elewa kwamba nyumba nzima inaadhibiwa na mita moja. Vyumba sita vinavyotumia uniti 40 kila kimoja vinafikisha 240, kwa hiyo wote wanalipa bei ya T1. Chumba hicho hicho kikiwa na mita yake kingelipa 4,880 badala ya 14,250. Ada ya kuunganishiwa mjini kwa njia moja pasipohitaji nguzo ni shilingi 320,960 tangu Januari 2022, kwa hiyo ingechukua karibu miaka mitatu kurudisha fedha hiyo kwa tofauti ya bei. Kwa mpangaji wa mwaka mmoja haileti maana. Kwa mwenye nyumba anayetaka wapangaji wakae bila kesi, inaleta maana kubwa, mradi akumbuke kwenda ofisi ya kodi ya jengo kuzuia kodi isikatwe katika kila mita.

Wasioweza mita mpya wagawane kwa orodha. Wapangaji wakae pamoja, kila chumba kitaje vifaa vyake, na mbele ya wote wati zisomwe nyuma ya kifaa. Fanya hesabu ya Hatua ya 5 kwa kila chumba, kisha gawa gharama kwa uwiano huo. Orodha ibandikwe ukutani karibu na mita, na anayeleta kifaa kipya aongeze jina lake. Mama mwenye friji akiona kwa macho kwamba chumba chake kinatumia uniti 60 na jirani 9, mara nyingi hukubali kuongeza bila kusukumwa. Anachokataa ni kuitwa mwizi.

Submita ni bora kuliko orodha, lakini ziwe na masharti: usomaji uandikwe tarehe moja kila mwezi mbele ya watu wawili, na bei ya uniti iwe ile ya risiti ya LUKU. Kama mwenye nyumba anatoza shilingi 500 kwa uniti iliyonunuliwa 356, aulizwe 144 zinakwenda wapi.

## Hatua ya 7: Dai mchanganuo wa deni kwa maandishi

Ukifika hapa, umeshaondoa kodi, tarifu, uvujaji na matumizi. Kinachobaki ni deni lililowekwa kwenye mita, na chanzo chake huwa kimojawapo kati ya hivi: deni la ankara za zamani lililohamishiwa LUKU, deni la mtumiaji aliyekutangulia, au makadirio ya umeme uliotumika wakati mita ilikuwa mbovu au imechezewa.

Usiombe kufutiwa. Omba mchanganuo. Anayeomba kufutiwa amekwisha kukubali deni, ilhali anayeomba mchanganuo anamtaka mdai athibitishe. Peleka barua katika ofisi ya wilaya ya TANESCO inayohudumia mtaa wako, kwa maneno ya aina hii:

"Meneja, TANESCO Wilaya ya ______.
YAH: MAOMBI YA MCHANGANUO WA DENI KATIKA MITA NAMBA ______
Mimi ni mtumiaji wa mita tajwa, iliyopo mtaa wa ______, kata ya ______, tangu tarehe ______. Tarehe ______ nilinunua umeme wa shilingi ______ na nikakatwa shilingi ______ zisizo kodi ya jengo. Naomba kuelezwa kwa maandishi chanzo cha deni hilo, kipindi linachohusu, hesabu iliyotumika, kiasi kilichokwisha kukatwa na salio. Nimeambatanisha risiti na vipimo nilivyofanya."

Toa nakala mbili na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haijafika popote.

Mchanganuo ukionyesha kipindi kilichotangulia tarehe yako ya kuhamia, mkataba wa pango ndio silaha yako, na deni hilo ni la mwenye nyumba au mtangulizi wako. Ukionyesha makadirio ya mita mbovu, linganisha uniti zilizokadiriwa kwa mwezi na matumizi yako baada ya mita kutengenezwa. Kaya inayotumia 80 leo haikutumia 300 mwaka jana bila sababu inayoonekana. Na kama vipimo vya Hatua ya 4 vilionyesha mita inasoma zaidi, ongeza katika barua ombi la mita kupimwa.

Onyo: katika muda huu kutatokea mtu wa kukushauri uunge umeme nje ya mita hadi jambo liishe. Kuiba umeme ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na ukikamatwa hata madai yako halali yatapotea pamoja nayo.

## Hatua ya 8: Ukikubali deni, panga awamu

Deni la kweli linapokatwa kwa sehemu kubwa katika kila manunuzi, kaya hujikuta inanunua gizani. Omba mpango wa awamu kwa kiasi unachokiweza kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi mzuri, na uombe uandikwe: jumla, kiasi cha kila mwezi, na mwezi wa mwisho. Malipo yoyote yanayofanyika nje ya tokeni yapitie namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, na jina la mlipwaji likitokea kwenye simu lisomwe kabla ya kubonyeza. Hakuna mtumishi halali anayepokea deni kwa namba yake binafsi.

Katika daftari, fungua ukurasa wa deni: tarehe, kilichokatwa, salio. Salio lako na la ofisini yanapaswa kulingana kila mwezi.

## Hatua ya 9: Usiporidhika

Jibu likikawia au lisikuridhishe, hatua inayofuata ni EWURA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Mashariki hapa Dar es Salaam. EWURA hutaka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma, na ndiyo sababu ya ule muhuri. Peleka nakala ya barua, jibu kama lipo, risiti, jedwali lako la bei ya uniti na vipimo vya mita. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kukusaidia kuandaa lalamiko kama kuandika kunakuwia vigumu. Uamuzi wa EWURA nao hukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani, ingawa kwa deni la kaya mambo mengi humalizika kabla ya kufika huko.

Siku utakayoambiwa kwamba deni limefutwa au limekwisha, usiridhike na neno la mdomo. Nunua umeme kidogo, wa shilingi 5,000, hapo hapo ukiwa bado ofisini, na ugawe fedha kwa uniti. Mteja wa T1 asiyekatwa kitu apate uniti 14. Akipata pungufu, dirisha bado liko wazi mbele yake.